Wimbo Usioitikiwa

Inès hakuwa mtu wa kukaa. Ndani ya basi la Don Mills alisimama hata viti vikiwa vitupu, ameshika nguzo, anabadilisha mguu huu na ule kama mtu anayengoja zamu ya choo. Chai aliinywa akitembea. Binti yake Ariane, msichana wa shule ya sekondari, alikuwa akimwambia kwa Kiingereza chake cha kila siku kwamba kuishi naye ni kama kuishi na mashine ya kufulia. Wanawake wa kwaya walimpa jina la Kiguu na Njia, naye akalipokea bila kinyongo. Alitoka Uvira akiwa amebeba mtoto mgongoni, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mpaka mtoto akajua kusoma, ndipo akaletwa Toronto, ghorofa ya juu kabisa Flemingdon Park, penye dirisha linalotazama bonde la Don. Mtu aliyepita njia hiyo asipotulia, mimi sioni wa kumlaumu.

Kazi yake ilimfaa kwa tabia hiyo. Alihudumia wazee majumbani, anaogesha huyu, anampikia uji yule, anakimbilia basi, anapanda lifti ya jengo jingine. Na popote alipokuwa aliimba. Jumapili, katika kanisa lao la Wakongomani kule Downsview, kwenye ukumbi wa kupanga uliobanwa na maghala mawili, yeye ndiye alikuwa mwanzishaji wa kwaya ya akina mama. Sauti yake ilikuwa nene chini na kali juu, na ikitoka hailazimishwi.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Alipelekwa kumhudumia mama mmoja wa Thorncliffe Park aliyevunjika nyonga, Mehrunissa kwa jina, Mwismailia aliyezaliwa Tanga na kuolewa Bujumbura, mjane wa muuza vitambaa. Siku ya kwanza Inès alikuwa jikoni akisugua sufuria na kuimba bila kujua kwamba anaimba. Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya kizee, Kiswahili safi cha Tanga, ikiuliza ni nani huyo anayeitapanya sauti kama maji ya bomba. Inès akaduwaa na sufuria mkononi. Alikuwa ameambiwa mteja wake ni Mhindi, na yeye alikuwa amejiandaa kwa Kiingereza.

Sebuleni mlikuwa na piano iliyokula nusu ya chumba. Mehrunissa alijifunza kuipiga kwa masista, na maisha yake yote, Bujumbura na hapa, alikuwa akiwapigia waimbaji. Si muziki wa harusi wala wa ibada, bali zile nyimbo za Kifaransa za kuimbwa na mtu mmoja aliyesimama wima karibu na piano, mashairi yaliyotiwa sauti, watu wanasikiliza wamekunja mikono. Alizipenda kwa mapenzi ya kuudhi. Na katika zote alikuwa na tatu alizozipenda kupita kiasi. Mtunzi wa hizo tatu alikuwa Mfaransa asiye na sifa kubwa, aliyekufa zamani. Maneno yake yalitafsiriwa kutoka Kigiriki cha kale, ya mwanamke ambaye hata jina lake halikubaki. Enzi hizo, Mehrunissa alimweleza, mashairi hayakusomwa, yaliimbwa, mtu anapiga kinubi na wenzake wamemzunguka. Inès akasema basi hao Wagiriki walikuwa watu kama sisi. Mehrunissa akamwambia anyamaze, avute pumzi na aanze.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, baada ya kazi, mzee akiwa ameshaoga na kuvaa sweta lake. Inès alikijua Kifaransa, amekisoma Uvira, lakini alikiimba kwa mdomo wa Kiswahili. Kila irabu aliipa haki yake. Neno linaloishia na ile e ya Kifaransa inayopaswa kufifia, yeye aliifungulia kinywa chote, *lune*, yaani mwezi, ikawa lu-né, na Mehrunissa anaziba masikio. Alisema Inès anaingia katika kila neno na viatu. Inès alicheka, akarudia, akakosea tena. Lakini miezi ilivyopita akajifunza kuiacha ile e izimike yenyewe, na nyimbo mbili za kwanza zikakaa sawa. Ile ya tatu ndiyo iliyomtia jakamoyo.

Katika wimbo wa tatu msichana amebaki nyumbani. Rafiki yake ameolewa, amevushwa bahari. Anasema mlango bado unacheza na upepo kwa jinsi rafiki alivyoondoka. Anasema maziwa yamechacha, majirani wamekula karamu wakalala, mbwa amelala, hata taa imelala. Kisha anasema *et moi*, na mimi, na wimbo unakwisha. Haukwishi vizuri, unakatika. Karatasi ya mafunjo yenye shairi lile ilipochimbuliwa mchangani ilikuwa imechanika hapo, na yule Mfaransa, badala ya kutunga mwisho wake mwenyewe, akaacha palepale. Piano inanyamaza pamoja na mwimbaji. Mwimbaji anatakiwa asimame, asiguse hata ukosi wa nguo yake, mpaka mpiga piano ashushe mikono mapajani.

Mara ya kwanza walipofika hapo, Inès aliimba *et moi*, piano ikanyamaza, na kabla hajafikiri kinywa chake kikatoa maneno mengine kwa Kiswahili, kwa sauti ya kanisani: "Na wewe umo."

Mehrunissa aligeuka pole pole kwenye kiti chake akamtazama kama mtu aliyepiga chafya juu ya chakula. Inès akaomba radhi. Wakarudia. Akasema tena.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili huwezi kumwelewa. Kwa watu wa Inès mwanzishaji hamalizi wimbo. Huuinua, huupeleka anakojua, kisha huuachia wenzake wauitikie. Mwanzishaji asiyeitikiwa ameaibishwa. Ni sawa na kubisha hodi kwa dada yako ukaona pazia linavutwa. Na ulikuwapo wimbo mmoja hasa, uliotungwa na akina mama wa kambini walipokuwa wakingoja miaka na miaka kuitwa kwenda ng'ambo. Mwanzishaji anataja waliovuka. Yakobo amevuka, Mariamu amevuka, jirani yangu na watoto wake wamevuka. Halafu anauliza, na mimi? Na kwaya nzima inamjibu, na wewe umo. Anauliza tena, wanamjibu tena, na kila anayeimba anajua kwamba kesho huenda asiwemo. Inès alijibiwa maneno hayo kambini kabla hajawa na tiketi wala nchi ya kwenda. Sasa mtu amwambie aseme "na mimi" halafu akae kimya?

"Mama, hii wimbo mwisho yake iko wapi?" alimwuliza Mehrunissa siku moja, akizunguka piano.

"Mwisho ndio huo."

"Hapana. Mutu hawezi kuuliza vile, halafu watu wanamuangalia tu."

"Hakuuliza mtu, Inès. Yuko peke yake. Simama mahali pamoja, kizunguzungu unanipa mimi."

Inès akasimama, lakini vidole vyake vikaendelea kutembea juu ya mbao za piano. Kimya hakikuwahi kumletea jambo jema. Kule Uvira, mtaa ukinyamaza ghafla, mama yake alikuwa akiwaambia wavae viatu.

Basi akajaribu. Alijiuma ulimi, alibana midomo, alihesabu matofali ya jengo la mbele. Njiani kwenye basi alijifanyisha mazoezi ya kunyamaza, jambo ambalo si rahisi kwa mtu kulieleza kwa abiria wenzake. Na nyumbani kimya kilikuwa kingi kuliko alivyotaka. Alikuwa akimwita Ariane kutoka jikoni, anaita mara mbili, mara tatu, na mtoto haitiki, baadaye sana inakuja sauti ya Kiingereza kutoka nyuma ya mlango, "What?" Ariane alikielewa Kiswahili chote, hata matani na masengenyo. Alikuwa tu hakisemi. Inès alishazoea kuzungumza na mwanawe kama anayetupa mpira ukutani, na ilimuuma, ingawa hakusema.

Mapema mwaka huu vidole vya Mehrunissa vilianza kukataa. Asubuhi havikukunjuka mpaka Inès avichovye kwenye maji ya moto na kuvikanda kimoja kimoja. Ndipo mzee alipomwambia alichokuwa akikitaka muda wote. Ukumbi wa maktaba ya mtaa ungekuwa na tamasha dogo la machipuko, Jumamosi mchana, na yeye alishaandikisha jina lake na la Inès, nyimbo zile tatu. Ingekuwa mara yake ya mwisho kupiga mbele ya watu. Wimbo wa tatu alikuwa ameupiga na waimbaji wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa kile kimya. Mmoja alitabasamu. Mwingine aliinama upesi kama aliyeangusha hereni. Bujumbura, mume wa mwimbaji alipiga makofi kabla ya wakati. Alitaka akisikie mara moja tu, kimya kizima, kabla mikono haijafa.

"Nipe hicho, mwanangu. Kingine chochote sikuombi," alisema.

Inès alikuwa amemshika vidole ndani ya beseni. Akasema ndiyo, na palepale akawafikiria wenzake wa kwaya. Wakisikia anaimba mahali watakuja wote, hilo halina mjadala. Wote wanajua Kifaransa. Watasikia *et moi* ikitoka kinywani mwa mwanzishaji wao, na watafanya kile wanachofanya kila Jumapili. Huwezi kuwakataza. Utawaambiaje watu waje wakuone umesimama umekwama, na wasikusaidie?

Kwa hiyo akadanganya. Alimwambia Mama Brice, kiongozi wa sauti ya pili na rafiki yake tangu kambini, kwamba Jumamosi ile hatakuja mazoezini, amepewa zamu. Mama Brice akasema pole, hawa watu watakuua na kazi. Inès akaitikia, akaona uso unamwaka. Wiki nzima hakulala vizuri. Alipanga viatu akavipangua, akafua mapazia yaliyokuwa safi. Ariane peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, kwa kuwa ilibidi aambiwe mama anavaa gauni jeusi aende wapi.

Jumamosi ilipofika Inès alimvalisha Mehrunissa hariri ya kijani, akamkanda mikono kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, wakaingia ukumbini. Kulikuwa na wazee, wazazi wa watoto wanaojifunza fidla, na viti vingi vitupu. Inès akashusha pumzi. Walipoanza wimbo wa kwanza mlango ukafunguliwa.

Waliingia mmoja mmoja, wamevaa vitenge vya sare ya kwaya, Mama Brice mbele na sufuria iliyofungwa kitambaa, maana hawaendi kumshangilia mtu mikono mitupu. Nyuma yao alikuja Ariane, anatazama sakafu. Wakakaa safu moja nzima, wakatengeneza vilemba, wakamtazama Inès kwa fahari ambayo ilimfanya atamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyemnunia kwa ule uongo. Mama Brice alimpungia hata mkono.

Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, na ile e ikazimika kila mahali ilipopaswa kuzimika. Makofi yakalia, safu ya vitenge ikapiga vigelegele, fidla moja ikaanguka. Mehrunissa hakugeuka. Aliweka vidole vyake juu ya mwanzo wa wimbo wa tatu.

Aliimba mlango unaocheza na upepo. Aliimba maziwa. Alipofika kwa majirani waliolala aliwaona kina mama wanaanza kuyumba polepole kwenye viti, wote upande mmoja, kisha upande wa pili. Mama Brice alikuwa ameshainua kidevu, kama afanyavyo kila anapojiandaa kuingia. Inès aliyajua mapafu ya wale wanawake kuliko yake. Aliwasikia wakivuta pumzi.

*Et moi*, aliimba.

Na mkono wake wa kulia ukapanda kifuani na kufunga ngumi.

Ngumi ile kila mwanakwaya anaijua. Inafungwa wimbo unapoharibika, pale sauti zimepotea na mwanzishaji anaona heri watu wanyamaze kuliko kuendelea kumchosha Mungu. Haifungwi ovyo. Mama Brice alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga. Wote wakakifunga. Na kile kimya kikaja, kizima, watu wazima kwa watoto, hakuna kiti kilicholia. Inès alisimama ndani yake. Alitegemea angekiona kirefu, lakini alichokiona ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekitaka, na kwamba safu yote ya watu wake wanamtazama mkono. Alijisikia mpweke kuliko siku zote za maisha yake, Uvira na kambi vikiwamo. Ndipo Mehrunissa akashusha mikono mapajani.

Makofi yalikuwa makubwa. Mehrunissa alilia bila kuficha, akamshika Inès kiuno, akasema ahsante, ahsante mwanangu, nimekisikia. Inès alikuwa akitazama mlango. Vitenge vilikuwa vinatoka, na sufuria ilikuwa imeachwa juu ya kiti, bado ina joto.

Alimkuta Mama Brice kituo cha basi, wenzake wamesimama kando. Akaanza kueleza habari za Wagiriki na karatasi iliyochanika. Mama Brice alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uongo wa zamu tulikusamehe, Mama Ariane," alisema. "Lakini ulitufungia ngumi mbele ya watu. Donc, kwa hiyo sisi tunaharibu?"

Basi likaja, kina mama wakapanda.

Nyumbani alimgeukia Ariane. Kumbe mtoto ndiye aliyempigia Mama Brice simu. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba hakutaka mama yake asimame pale peke yake, hana mtu hata mmoja upande wake. Aliposema hivyo akaingia chumbani akafunga mlango. Inès alibaki sebuleni na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, aliyoibeba kutoka maktaba. Aliipasha moto, akala akiwa amesimama dirishani.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Simu ya Mama Brice iliita bila kupokelewa. Mehrunissa alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi, alifunika piano kwa shuka jeupe, akataka kuzungumza juu ya kile kimya kila siku, jinsi kilivyokuwa. Inès alimwogesha, akamsikiliza, akafurahi kwa ajili yake kweli, na akatamani kutoka mbio mpaka Downsview akapige magoti kwenye mlango wa mtu. Kwenye basi alikaa kwenye kiti, jambo ambalo hajawahi kufanya, akashuka vituo viwili mbele ya kwake.

Jumapili alikwenda kanisani mapema. Kina mama walimsalimu kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizomtisha. Hakuna aliyemwita Kiguu na Njia. Wakati wa kwaya ulipofika alisimama mbele mahali pake, akageuka kuwatazama, na kati ya nyimbo zote akainua ule wa kambini. Hakuwa amepanga. Labda alitaka kuomba msamaha, na njia nyingine hakuijua.

Yakobo amevuka. Mariamu amevuka. Sauti ilikuwa inamtoka kavu.

"Na mimi?" aliimba.

Walikaa kimya. Hawakukunja uso wala kutazama pembeni; walisimama wima kama wanawake waliofundishwa maktabani, midomo imefungwa, na Mama Brice ameweka ngumi yake kifuani. Mpiga ngoma aliacha vijiti hewani. Huko nje lori lilikuwa likirudi nyuma kwenye ghala la jirani, linalia pip, pip. Inès alielewa kwamba alikuwa akilipwa kipimo kilekile, na kwamba ni haki, akasimama. Hakugusa ukosi wake. Hakuhama mguu. Lakini machozi yalianza kumtoka.

"Na wewe umo."

Sauti ilitoka viti vya nyuma, nyembamba, isiyoshika tuni, na lafudhi yake ilikuwa ya shule za Toronto tupu. Watu wakageuka. Ariane alikuwa amesimama na simu mkononi, masikio yamemwiva, anamtazama mama yake kama aliyeitwa jina lake.

Mama Brice naye alikuwa amegeuka. Akamtazama yule mtoto, akaushusha mkono wake na kuufungua.

"Umechelewa kuingia," alimwambia. "Kuja huku mbele. Mama yako ataanza upya."